Kipaji cha Pekee na Ushahidi Wake

Zamani katika mashamba ya mkonge ya Korogwe kila kibarua alikuwa na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku kibarua alipomaliza kazi yake nafasi moja ilitiwa alama, na kadi ilipojaa ndipo mshahara ulipolipwa. Wengi wa vibarua hao waliletwa kutoka mbali, kutoka Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka ya Tanganyika, na tangu 1944 shughuli ya kuwakusanya na kuwasafirisha ilikuwa mikononi mwa chombo cha wenye mashamba kilichojulikana kwa jina la SILABU. Watu waliwaita manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kipande kilithibitisha jambo moja tu: kwamba mwenye namba fulani alikuwapo kazini siku fulani. Kama alikuwa mkataji hodari kuliko wote, au kama alibuni njia bora ya kufunga matita ya majani, kipande hakikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Makala haya yanahusu hati za aina nyingine, ambazo kazi yake ni kinyume cha ile ya kipande. Ni hati zinazotakiwa kwa mtu aombaye ukazi wa kudumu nchini Marekani kwa msingi wa kipaji cha pekee. Humo siku za kazi hazihesabiwi. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba kazi ya mtu huyo, yeye kwa jina lake, imeipita ya wenzake wa fani ile ile, na kwamba wenye fani wamekiri hivyo kwa maandishi. Kwa idadi, wanaohusika na ombi hili ni wachache sana. Lakini namna sheria hiyo inavyoupima ushahidi inamhusu kila mwanafunzi wa sayansi, hata yule asiye na nia ya kuvuka bahari.

Ukazi na uraia

Yafaa kwanza kutenga maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Uraia ni uanachama kamili wa taifa, pamoja na haki ya kupiga kura na kushika pasipoti ya taifa hilo. Ukazi wa kudumu ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi katika nchi ya watu bila kikomo cha miaka, ilhali mkazi anabaki raia wa nchi yake. Ishara ya ukazi huo nchini Marekani ni kadi ambayo watu wengi huiita grini kadi. Mtanzania mwenye kadi hiyo anaendelea kuwa Mtanzania. Akisonga mbele hadi kuchukua uraia wa Marekani kwa hiari yake, hapo ndipo anapoupoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Njia za kuufikia ukazi huo ni kadhaa: undugu, ukimbizi, bahati nasibu, na kazi. Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya 1990, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush mwezi Novemba mwaka huo, ndiyo iliyoanzisha bahati nasibu ya viza ambayo vijana wengi wa Tanzania wameisikia. Fungu la wenye kipaji cha pekee nalo lilizaliwa na sheria hiyo hiyo. Ndugu hawa wa tumbo moja hawafanani hata kidogo. Katika bahati nasibu mwombaji huandika jina lake na kungoja mashine iamue. Katika fungu la kipaji mwombaji hujenga hoja, naye huweza kupeleka furushi la mamia ya kurasa.

Nafasi za ukazi zinazotolewa kwa sababu ya kazi ni 140,000 hivi kwa mwaka kwa dunia nzima. Fungu la kwanza, ambamo wenye kipaji cha pekee wamo, limetengewa asilimia 28.6 ya nafasi hizo. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe: ni 40,040. Lakini fungu hilo wanaligawana pia maprofesa na watafiti mashuhuri wanaoletwa na waajiri, pamoja na mameneja wa makampuni yenye matawi katika nchi nyingi. Tena wake, waume na watoto wa wote hao huhesabiwa ndani ya idadi hiyo hiyo.

Sheria inataka nini

Sheria inataja fani tano: sayansi, sanaa, elimu, biashara na michezo. Mwombaji hana budi kuonyesha kwamba amesifika kitaifa au kimataifa, na kwamba sifa hiyo imedumu. Kwamba mafanikio yake yametambuliwa na kuthibitishwa kwa hati nyingi. Kwamba anakwenda kuendelea na kazi ya fani ile ile. Na kwamba nchi itafaidika kwa kuja kwake. Kanuni zinaongeza kipimo kizito: awe mmoja wa wale wachache waliofika kileleni kabisa mwa fani yao. Upande mwingine kuna nafuu ambayo mafungu mengi hayana. Mwombaji hahitaji mwajiri wa kumwombea. Aweza kujiombea mwenyewe, kwa fomu inayoitwa I-140.

Ushahidi wenyewe huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni tuzo moja kubwa ya kimataifa, ya kiwango cha Nobeli. Aliye nayo hahitaji kuhangaika zaidi. Ya pili ndiyo ya takriban waombaji wote: kutimiza angalau aina 3 kati ya aina 10 za ushahidi zilizoorodheshwa katika kanuni. Baadhi haziwahusu wanasayansi, kama vile maonyesho ya kazi za sanaa au mauzo makubwa ya muziki na tamthilia. Mshahara mkubwa kuliko wa wenzake nao umo, ingawa ni mtafiti gani wa Afrika Mashariki atakayeutegemea huo? Kuna tuzo ndogo zaidi zinazojulikana kitaifa, na uanachama katika vyama visivyompokea mtu ila kwa mafanikio makubwa. Chama kinachompokea kila alipaye ada hakihesabiwi.

Aina tano zilizobaki ndizo zinazostahili kutazamwa na mwanasayansi kwa makini. Kuna makala za kitaalamu alizoandika mwenyewe. Kuna maandishi ambayo watu wengine wameandika juu yake na juu ya kazi yake, katika majarida ya fani au vyombo vikubwa vya habari. Kuna kuhukumu kazi za wenzake, kwa mfano kuombwa na mhariri kusoma makala kabla haijachapishwa na kusema kama yafaa. Kuna mchango mpya wenye uzito mkubwa katika fani. Na kuna kushika nafasi ya uongozi, au nafasi ambayo bila hiyo kazi isingekwenda, katika taasisi yenye sifa.

Msomaji atatambua kwamba karibu kila moja ya hizi ni kauli ya mtu mwingine. Hata makala aliyoandika mwombaji mwenyewe isingechapishwa bila wahakiki kuikubali. Sheria haimpi mwombaji mtihani, wala haimwiti maabarani aonyeshe ustadi wake. Afisa anayesoma furushi aghalabu si mwanasayansi. Hapimi kipaji, anapima nyayo ambazo kipaji kimeacha katika maandishi ya watu wengine.

Kesi ya mwanafizikia

Jinsi nyayo hizo zinavyopimwa ilielezwa na mahakama ya rufani ya Marekani mwaka 2010, katika kesi ya Poghos Kazarian. Huyu alikuwa mwanafizikia wa nadharia mwenye shahada ya udaktari kutoka Yerevan, Armenia. Ombi lake lilikataliwa na Idara ya Uraia na Uhamiaji. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba hakuonyesha kuwa makala zake zilikuwa zimerejelewa na watafiti wengine.

Mahakama ilisema idara ilikosea katika hatua. Kanuni inataka makala za kitaalamu. Haisemi makala zilizorejelewa. Kwa hiyo kazi ifanywe mara mbili. Kwanza zihesabiwe aina za ushahidi kama zilivyoandikwa, bila kuziongezea masharti. Zikifika 3, ndipo furushi lote lipimwe kwa pamoja na kuulizwa: je, mtu huyu kweli yuko kileleni? Hapo ndipo swali la nani amezirejelea makala, na wangapi, lina mahali pake.

Ingawa mahakama iliikosoa idara, Kazarian hakupata alichoomba. Mahakama ilikubali aina mbili tu, yaani makala zake na kuhukumu kazi za wengine, na mbili si tatu. Walimu wa hisabati watapendezwa na ukali wa hesabu hii. Tangu hapo maafisa wanafuata hatua hizo mbili, na wapo waombaji wanaovuka ya kwanza kwa aina tano na kuangukia katika ya pili.

Maabara ya Korogwe

Sasa kipimo hicho kiletwe nyumbani. Mjini Korogwe kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kituo hicho kilikuwa kimojawapo cha vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya 2009 na 2014. Kituo kingine cha Tanzania kilikuwa Bagamoyo. Watoto wachanga na wadogo 15,459 waliandikishwa katika vituo vyote. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria ya wastani na ya juu, nayo ikawa chanjo ya kwanza ya malaria kupewa sifa hiyo. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya kisayansi iliyofanyika katika Mkoa wa Tanga ambayo matokeo yake yamewagusa watu wengi zaidi.

Lakini nani aliifanya? Makala kuu za matokeo, zilizotoka 2011, 2012 na 2015 katika majarida mawili makubwa kabisa ya tiba duniani, zilitiwa sahihi kwa jina la ushirika wa jaribio zima. Majina ya watafiti yamo katika orodha ndefu. Utaratibu huo ni wa haki: hakuna mtu mmoja aliyeweza kudai kwamba jaribio la nchi 7 ni lake. Hata hivyo afisa aliye na furushi mezani huuliza swali ambalo orodha haiwezi kulijibu. Huyu mmoja alifanya nini?

Chukulia mtafiti wa kubuni, daktari aliyeongoza usomaji wa slaidi za damu katika jaribio la namna hiyo. Slaidi moja husomwa na watu wawili wasiojua majibu ya mwenzake, na wakitofautiana sana husomwa na wa tatu. Chukulia kwamba daktari huyu aligundua wasomaji walikuwa wakikosea idadi ya vimelea pale damu ilipotandazwa nene mno, akaandika mwongozo mpya, na makosa yakapungua. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jaribio zima linasimama juu ya hesabu ya vimelea. Kama mwongozo ulitolewa bila jina lake wala tarehe, na maelezo yalitolewa kwa mdomo katika kikao cha asubuhi, basi miaka kumi baadaye hakuna anayeweza kuthibitisha lolote. Kama mwongozo una jina na tarehe, kama vituo vingine viliandika kuuomba, na kama alichapisha makala fupi ya mbinu hiyo katika jarida la maabara, basi ana makala, ana mchango, na ana barua za watu wasiomjua uso kwa uso waliotumia kazi yake. Ustadi wake ni ule ule katika hali zote mbili.

Barua za wataalamu zina uzito, lakini si kila barua. Ile isemayo kwamba mwombaji ni mtu hodari, mwenye bidii na mwadilifu yaweza kumsaidia kupata kazi. Hapa haina nguvu. Inayosaidia ni ile inayotaja jambo mahususi: mbinu gani, ilitumika wapi, ilibadili nini, na mwandishi alijuaje. Ikitoka kwa mtu ambaye hakusoma wala kufanya kazi na mwombaji ni bora zaidi.

Lugha nayo ina masharti yake. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza haina budi kuambatana na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba yeye anaziweza lugha hizo mbili. Kwa hiyo habari iliyotoka katika gazeti la Kiswahili inakubalika kabisa kuwa ushahidi, ikifasiriwa. Tatizo huwa kwingine. Kanuni inataka maandishi juu ya mwombaji yawe na kichwa, tarehe na jina la mwandishi, na habari nyingi za sayansi katika magazeti yetu hutoka kwa jina la “mwandishi wetu”. Wahariri huenda hawajui kwamba maneno hayo mawili yaweza kumgharimu mtu.

Mwanafunzi wa Magamba

Kutoka Korogwe barabara kuu ya kaskazini hupita Mombo, na hapo Mombo njia nyingine hupanda milima ya Usambara hadi Lushoto. Juu ya Lushoto kuna Magamba, ambako mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyatia yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, aliposhikilia jambo lile, darasa likaligeuza kuwa mzaha: kila kosa likaitwa la Mpemba.

Akiwa Mkwawa, Iringa, alipata nafasi ya kumwuliza mgeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, bali aliahidi kulijaribu. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza, na jina la mwanafunzi likatangulia la mhadhiri. Tangu hapo jambo hilo limeitwa kwa jina lake duniani kote. Aristotle alikuwa ameligusia zaidi ya miaka 2,000 kabla. Na mwaka huo huo wa 1969 mtaalamu wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala yake juu yake. Bado jina lililobaki ni la kijana wa Usambara.

Je, Mpemba angepita? Swali ni la zoezi tu, maana fungu lenyewe halikuwapo kabla ya 1990, naye alisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka na kulitumikia taifa katika fani hiyo. Mchango mpya wenye uzito: anao, tena wenye jina lake. Makala ya kitaalamu: anayo. Maandishi ya wengine juu yake: ni mengi, katika lugha nyingi. Aina tatu zimetimia. Lakini katika hatua ya pili afisa angeuliza mambo mawili. Sifa hiyo imedumu katika kazi ya miaka mingi, au imetokana na makala moja? Na fani anayokwenda kuiendeleza ni ipi, fizikia au wanyamapori? Kwa kipimo hiki kikali huenda mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya fizikia angerudishwa, na kurudishwa huko kusingekuwa kosa la afisa. Sheria imeandikwa kwa ajili ya kazi inayoendelea, siyo kwa ajili ya tukio, hata liwe zuri namna gani.

Wanasayansi wenyewe hawajaacha kulihojia jambo hilo. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitoa tuzo ya pauni 1,000 kwa maelezo bora kabisa, na maelfu ya watu wakajaribu. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walichapisha vipimo vyao na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea kweli. Ubishi haujaisha. Katika sheria ya ukazi ubishi wa namna hii haumdhuru mwombaji; kazi ambayo watu wanaibishia kwa miaka 50 ni kazi iliyosomwa.

Mlango mwingine, Handeni

Ingekuwa upotofu kudhani kwamba kipaji ndicho kipimo pekee ambacho mataifa hutumia. Katika Wilaya ya Handeni kuna makazi ya Chogo. Waliokaa hapo walikuwa wakimbizi kutoka Somalia, lakini mababu zao walitoka huku huku. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, pamoja na watu wa makabila mengine ya Afrika Mashariki, walichukuliwa katika biashara ya utumwa hadi Somalia, na wengine wakajenga vijiji kando ya mto Juba. Vita vya Somalia vilipowafukuza kuanzia 1991, baadhi yao walielekea Tanzania, wakiwa bado wanasema Kizigua. Hawakuwa na cheti chochote cha mwaka ambao babu aliondoka. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa lugha, majina ya koo na simulizi ambazo mzee wa Handeni aliweza kuzitambua. Walipokewa kama wakimbizi, na baadaye Serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia.

Ndugu zao waliokimbilia Kenya walipata njia nyingine. Wapatao 12,000 walikubaliwa kuhamia Marekani, na wengi wakafika kuanzia 2003. Sheria ya huko inamtaka mkimbizi aombe ukazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja. Hakuna aliyewauliza kama wako kileleni mwa fani yoyote. Mkulima aliyenyimwa shule maisha yake yote alipata kadi ile ile ambayo daktari wa maabara anaihangaikia kwa mamia ya kurasa, na ndivyo ilivyopasa kuwa. Mlango mmoja huuliza mtu ametoroka nini, mwingine huuliza ameacha nini nyuma yake katika maandishi. Anayekwenda kwenye mlango wa pili na majibu ya wa kwanza, akieleza shida zake na bidii yake, hupoteza fedha zake bure.

Gharama, vizuizi na udanganyifu

Fedha zenyewe si kidogo. Ada ya fomu I-140 ilipopangwa upya tarehe 1 Aprili 2024 ilikuwa dola 715, na anayejiombea mwenyewe aliongeza dola 300 za mfuko mwingine. Hizo ni mbali na wakili, tafsiri na ada za viza. Ombi likikataliwa ada hairudi.

Tena kukubaliwa kwa ombi si kupewa viza. Amri za rais wa Marekani zaweza kuusimamisha mlango kwa nchi nzima. Mwezi Januari 2020 Tanzania ilizuiwa katika bahati nasibu ya viza, kizuizi kilichofutwa Januari 2021. Na tangazo la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wao waliwekewa vizuizi, viza za ukazi zikiwa miongoni mwake. Yeyote anayefikiria kuomba hana budi kuuliza kwanza hali ikoje siku hiyo.

Mahali penye ushahidi wa karatasi hapakosi wauza karatasi. Wapo madalali wanaouza tuzo zisizo na mashindano, majarida yanayochapisha chochote kwa malipo, na barua zilizoandikwa tayari zikingoja jina. Afisa aliyeona furushi mia moja huzitambua. Adhabu ni nzito kuliko wengi wanavyodhani: anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi katika jambo la msingi aweza kufungiwa nchi hiyo maisha yake yote, hata kama baadaye atakuwa na sifa za kweli.

Baadhi ya walimu huona kwamba kuwafundisha vijana mambo haya ni kuwafungulia njia ya kuitoroka nchi iliyowasomesha. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani daktari mmoja akiondoka Korogwe pengo lake huonekana. Lakini hati ni zile zile anazotakiwa mtafiti kupandishwa cheo katika chuo kikuu cha nyumbani, kupata fedha za utafiti, au kumzuia mgeni asichapishe kazi yake kwa jina lingine. Asiye nazo ananyimwa pande zote mbili.

Zoezi

Kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa kijijini au mtaani kwake anayesifika kwa ustadi: mkunga, fundi wa baiskeli, mjuzi wa dawa za miti, mpima maji katika kisima. Amhoji, na kwa idhini yake aandike ukurasa mmoja unaoeleza ni jambo gani hasa mtu huyo analifanya tofauti na wenzake, tangu mwaka gani, na nani, asiyekuwa jamaa yake, anaweza kulithibitisha. Karatasi iwe na kichwa, tarehe na jina kamili la mwandishi. Kisha wanafunzi wabadilishane karatasi, na kila mmoja aihukumu ya mwenzake kama afisa: ni sentensi zipi ni ushahidi, na zipi ni sifa tupu? Darasa lenye jokofu laweza pia kurudia jaribio la Mpemba, kwa vyombo viwili vinavyofanana na ujazo ulio sawa, chombo kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 na kingine maji yaliyokaribia kuchemka, na kuandika matokeo yote, hata yale yasiyotarajiwa na mwalimu.